Mtani Kabeba Boksi la Vitabu

Sindeni, Handeni
8 Julai 2024

Kwako mke wangu wa Kilole,

Shikamoo. Hiyo ya heshima imeisha, sasa tuzungumze kama mtu na mkewe.

Mumeo ni mzima na nazidi kupendeza. Juzi mama mmoja kaja kusaga, kanitazama mpaka kasahau debe lake hapa. Nakwambia ujue unachezea nini hapo Korogwe ukichelewa kujibu. Ningekupigia simu kama watu wengine, lakini mara ya mwisho nilikuuliza hali ya mgongo, ukanijibu kwamba ndizi zimeiva. Kwa hiyo barua, na herufi kubwa kama ulivyoagiza. Mjukuu mmoja, bibi kiziwi, daftari zima linakwisha.

Umeuliza habari ya kazi. Mahindi yameshavunwa, mashine ya mjomba haipoi. Wanaotumwa kusaga ni watoto, na watoto wakipanga foleni ni ngumi tupu: mimi nilikuwa wa kwanza, hapana mimi. Nikatafuta dawa. Ukifika nakuandika jina kwa chaki kwenye bati la ukuta. Jina lako likifika juu uje mwenyewe, mimi siiti mtu. Asiyejua kulisoma anapitwa. Wiki ya kwanza vilio! Sufiani wa darasa la tatu alipitwa na watu wanne, amesimama mbele ya jina lake mwenyewe analitazama kama mgeni. Wiki ya pili hakuna aliyepitwa.

Basi nikanogesha. Pembeni ya jina naweka na habari. "Sufiani, jana kakimbizwa na kuku." Alisimama pale anachezesha midomo mpaka akaipata. Hakucheka. Aliomba chaki, akaandika chini yake: "Mbaruku mwongo. Alikuwa bata."

Bibi, sasa wanakuja bila mahindi. Kuna Nasinkoi, wa kwa mzee Ledama, wale wafugaji waliohamia kutoka Kang'ata. Darasani wanasema hajui kitu. Hapa kwangu anapanda juu ya debe lililofunikwa ili asome kilichoandikwa juu kabisa, kisha ananitukana kwa maandishi. Hao walimu wenye vyeti waje wajifunze.

La pili, vitabu vyako ulivyoitumia shule. Nilipeleka unga wa uji wa shule, nikapita ofisini. Boksi lako limo kabatini, halijafunguliwa. Gundi ya dukani kwa Bharat bado inang'aa. Ukuta wangu umeshawaishia watoto, wanataka kitu kirefu, na kirefu kimefungiwa.

Mumeo,
Mbaruku


Kilole, Korogwe
12 Julai 2024

Kwako mume wangu usiyetoa hata mahari,

Marahaba. Mimi sijambo, mgongo ni ule ule, na sio kiziwi. Simu yako ndiyo mbovu.

Umeniudhi. Miaka ishirini nimeuza vitumbua barazani kwa Bharat. Siku aliposema anafunga upande wa vitabu nilimwomba lile boksi kwa mdomo wangu, nikalituma nyumbani Sindeni nikijua watoto wa kwetu watapata. Mwezi wa nne nimeletewa barua arobaini za shukrani. Arobaini! Nilizipeleka dukani, Bharat akavaa miwani, akasoma, akaivua akaifuta. Hii hapa ya mtoto anaitwa huyo huyo Sufiani wako: "Bibi mpendwa, tunakushukuru kwa vitabu vizuri. Tumevisoma na tumejifunza mengi. Mungu akubariki."

Sasa mtoto kavisoma kwa kupitia gundi?

Unaandika habari za watu ukutani na mimi unaniandikia za vitabu vyangu. Ukiwa na lako na Mwalimu Mkuu Mihayo, sema lako.

Amne


Sindeni
16 Julai 2024

Mke wangu mkali,

Shikamoo. Chukua hizo barua zako arobaini, zitandaze kitandani. Soma ya Sufiani. Soma inayofuata. Soma ya tatu. Ukichoka acha, maana mpaka ya arobaini ni ile ile, hata nukta zimekaa pale pale. Nilimuuliza Sufiani, "Ulimwandikia bibi yangu?" Akasema, "Bibi gani? Tulinakili ubaoni, tukaambiwa andikeni vizuri inakwenda mjini."

Nimekwenda kwa Mwalimu Mihayo mwenyewe. Nimekwenda kwa adabu, nimejipangusa unga. Nikamwambia fungua boksi, watoto wasome. Akanitazama kuanzia kandambili mpaka nywele.

"Wewe?" anasema. "Wewe ndiye unakuja kunifundisha habari za vitabu? Nenda kasage."

Nimekwenda kusaga, lakini nikisaga huwa nafikiri. Mihayo ni Mnyamwezi wa Tabora. Sisi ni Wazigua. Huyo ni mtani wangu halali kabisa! Ulinihadithia mwenyewe alivyokufa babu, Wanyamwezi wa stesheni walikuja wakabeba sufuria la pilau likiwa motoni, na hakuna aliyenuna. Jumamosi hii kuna mkutano wa wazazi shuleni. Watu watajaa.

Unanielewa?

Mbaruku, tishio la Sindeni


Kilole
18 Julai 2024

Mbaruku,

Nimezitandaza. Zimefika nusu ya kitanda, nikazikusanya. Bharat sijamwambia.

Hii nampa Clinton, kondakta wa kosta ya Handeni, aifikishe kabla ya Jumamosi. Sikukatazi. Lakini wewe utani umeusikia kwenye kucheka tu, masharti huyajui. Unachukua mchana, mbele za watu, na unasema kwa sauti kwamba unachukua. Ukificha ni wizi. Mwenye kitu akitaka kukikomboa, unataja cha kukikombolea, na ukitaje kinachowezekana. Na ujue mlango ukishaufungua, na yeye atapita huo huo. Siku yoyote atakuja kuchukua chako, na utacheka hata kama unalia.

Na kubwa kuliko yote: utani haufanywi na mtu mwenye kinyongo. Ukimchukulia mtu kitu huku unamchukia, hata mkicheka kijiji kizima, wewe umeiba. Nilikuuliza juzi hukujibu. Una kinyongo na Mihayo? Mimi ninacho, nakiri, tangu alipokufukuza shule kwa kukosa viatu. Ndiyo maana nakuuliza wewe.

Bibi yako


Sindeni
22 Julai 2024

Mke wangu, kaa chini, weka chai pembeni,

Nimelibeba!

Wazazi wamekaa kwenye madawati uwanjani, mwenyekiti kashamaliza habari za choo, mimi huyo natokea na unga wangu mpaka kwenye kope. Nikasimama katikati.

"Mwalimu Mkuu," nikasema, "wewe bado ni Mnyamwezi au umeshabadilisha?"

Kina mama wakaanza kuguna kwa kicheko. Mihayo akanyoosha tai yake.

"Mnyamwezi wa Tabora," akasema, "na wewe ni mtumwa wangu."

"Vizuri. Babu yako alipita hapa Uzigua na mizigo ya watu kichwani, shingo imekwisha, akaomba maji kwa babu yangu. Leo mjukuu wake nakupumzisha. Mzigo naubeba mimi. Nasema kwa sauti, kila mtu asikie: nachukua boksi la vitabu, ni utani!"

Nikaingia ofisini. Kabati liko wazi, kalitolea daftari la mahudhurio. Nikalitwika boksi kichwani, nikatoka nalo. Bibi, uwanja ulilipuka. Mzee Ledama aligonga fimbo chini mpaka ikazama.

"Mbaruku, weka chini," Mihayo akasema, kwa sauti ya ualimu sasa.

"Likomboe."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa maneno tu. Sema hapa mbele za wazazi kwamba vitabu hivi watasoma watoto, kila siku, na kabati halitafungwa."

Unaona? Nimetaja kinachowezekana. Maneno mangapi hayo? Akafungua mdomo. Akaufunga. Watu wanangoja. Kisha akacheka, meno tu, macho hayakucheka.

"Nenda nalo, mtumwa. Njia tunaijua wote wawili."

Sasa boksi liko hapa kwenye mashine, juu ya meza, kitambaa cha kuzuia unga juu yake. Nimelifungua na watoto, mwenyewe nikakata gundi kwa kisu. Wanasoma wakingoja zamu na zamu ikifika hawaji! Jana nililazimika kumwita mtu kwa mdomo, mimi, Mbaruku. Nasinkoi kashika kimoja kinene, cha punda aliyepotea na vyombo vya bibi harusi, hakiachii. Anakificha kwenye shuka asiporwe.

Mengine tutaongea.

Mumeo shujaa,
Mbaruku


Sindeni
25 Julai 2024

Kwa Bi. Amne,
Kilole, Korogwe.

Yah: VITABU VYAKO NA MJUKUU WAKO

Shikamoo, mama. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza naomba radhi. Zile barua arobaini niliziandika mimi ubaoni, watoto wakanakili. Nilitaka ufurahi. Nimefundisha miaka ishirini na sita, na sikuona haya mpaka niliposikia kwamba mjukuu wako kakueleza.

Pili, nieleze kabati. Mwaka 2017 vitabu vya shule hii vilikuwa wazi, rafu ilikuwa kwenye korido. Mbaruku alikuwa darasa la sita. Vitabu kumi na vinne vilichanwa karatasi kwa karatasi, vikatengenezwa tiara za kurusha angani. Siku hiyo alikuja mkaguzi. Tiara moja ilimwangukia miguuni, akaiokota, akasoma muhuri wa shule ubavuni. Nilipewa barua ya onyo na imo kwenye jalada langu hadi leo. Nilimwambia Mbaruku aje na mzazi. Hakuja na mzazi, na yeye mwenyewe hakurudi tena. Sikumfukuza, mama. Nilimngoja mpaka mwaka ukaisha.

Nasikia kijijini kwamba nilimfukuza kwa viatu. Sijawahi kukanusha. Niliona ni lake kulisema.

Vitabu vyako nimevipokea kwa saini yangu. Kikichanika kimoja naulizwa mimi. Ndiyo sababu siku ile yale maneno yalinishinda kutamka. Sikukataa watoto wasome. Niliogopa.

Utani nimeupokea na sijanuna. Lakini mimi ni Mnyamwezi, na zamu yangu inakuja.

Wako mtiifu,
Mihayo, Mwalimu Mkuu


Kilole
28 Julai 2024

Mbaruku,

Usiniite mke wako.

Miaka saba nimemchukia mtu kwa ajili ya viatu. Mwaka juzi alinisalimia stendi hapa Korogwe, kanishikia mzigo, nikautoa mkononi mwake. Kwa ajili ya viatu ambavyo havikuwahi kuwepo!

Nilikuuliza mara mbili.

Vitabu kumi na vinne. Nieleze.

Amne


Sindeni
31 Julai 2024

Bibi, shikamoo.

Nilichana. Nakiri, na silii.

Umesema nieleze. Darasa la sita mimi nilikuwa sijui kusoma. Hujui hilo, hakuna anayejua. Nilikuwa nakariri. Mwalimu akisema fungua ukurasa wa nane, namsikiliza wa mbele yangu, nashika kwa kichwa, zamu yangu ikifika natema kama redio. Darasa lina watoto tisini, nani atagundua? Halafu kila siku tunaambiwa: kuna vitabu koridoni, someni, someni, kusoma ni muhimu. Ungeshika kitu ambacho kila mtu anakwambia ni kitamu na kwako wewe ni karatasi, ungekifanya nini? Mimi nilikirusha juu. Tiara zangu zilipanda kuliko za wote, na siku ile nilikuwa mtu.

Aliposema nije na mzazi, na mzazi wangu ni wewe, nilijua utaletewa kitabu usomewe makosa yangu, kisha mtaniambia nisome hata mstari. Bora viatu.

Kusoma nimejifunzia hapa hapa kwenye mashine, kwenye viroba na magunia na majina ya watu. Ndiyo maana najua ninachokifanya na hawa watoto. Mtoto anayesoma hachani. Aliyechana ni yule aliyefungiwa nje huku rafu iko wazi. Mwambie Mihayo hivyo, au nitamwambia mimi. Vitabu sirudishi.

Sasa zamu yake. Jana amekuja saa tatu asubuhi, foleni imefika barabarani. Tai shingoni, kamati ya shule nyuma yake. Akasema kwa sauti, "Nachukua, ni utani!" Akazima mashine, akafungua mkanda, akajivika begani kama nyoka aliyekufa. Bibi, mkanda wa mashine! Bila mkanda hapa ni banda la mabati. Mjomba alishika kichwa. Kina mama wakageuka wote, wakanitazama mimi, sio yeye.

"Niukomboe kwa kitu gani?" nikamuuliza.

"Kwa jambo linalowezekana," akasema. "Ijumaa, gwaride la asubuhi, shule nzima. Chukua kitabu kimoja kwenye lile boksi, usome mwanzo mpaka mwisho, peke yako, kwa sauti, bila kukwama. Ukikwama, vitabu vinarudi kabatini."

Nilicheka, masharti yanataka nicheke. Lakini wewe nakwambia: kimoyomoyo nasoma vizuri. Kwa sauti natembea kama ng'ombe kwenye tope. Ijumaa ni keshokutwa.

Sikuombi ushauri. Nimekueleza tu.

Mbaruku


Kilole
1 Agosti 2024

Mbaruku,

Nimempa Clinton asubuhi hii, nimemwambia asipoifikisha leo vitumbua vyangu asahau.

Lile boksi lilikaa chini ya kitanda changu wiki tatu kabla sijalituma. Kila mtu nilimwambia habari zake. Sikusoma hata kimoja. Niliona ni vya watoto, mimi mtu mzima na elimu yangu ya watu wazima, nivifungue vya nini. Kwa hiyo usinione mimi ni bora katika jambo hili.

Bado nimekasirika na hasira yangu nitaimaliza ninavyojua mimi. Lakini usikimbie tena. Ukichukua kitabu chembamba kuliko vyote nitajua, na sitakuandikia. Ukikwama, kwama umesimama wima.

Mihayo nimemwandikia na yeye. Nimemwomba radhi ya stendi.

Bibi


Sindeni
3 Agosti 2024

Kwa bibi yake Mbaruku,

Shikamoo bibi. Mimi ni Nasinkoi wa Ledama, darasa la nne. Mbaruku hajui kama naandika. Anwani sina, barua nampa Clinton, anasema anakujua kwa vitumbua.

Jana Mbaruku alikuja gwarideni. Alikuwa ameoga. Kwanza hatukumjua. Alichukua kitabu kinene kabisa, cha punda, alininyang'anya mimi. Nilimpiga teke lakini akasema leo nakihitaji.

Alianza kusoma. Alikuwa anasoma polepole, jasho linatoka. Ukurasa wa kwanza alipita. Ukurasa wa tatu alikwama. Wavulana wa darasa la saba wakacheka. Mbaruku akafunga kitabu na kidole ndani akasema, "Hili neno silijui. Anayelijua aseme. Asiyelijua asicheke." Wakanyamaza. Mimi nilikuwa nalijua kwa sababu kitabu kile nimekisoma. Nikasema kwa sauti. Mbaruku akasema asante, akaendelea.

Alikwama tena, Sufiani akasema. Baadaye tukawa tunasogea ili tuone. Mistari ya gwaride ikavunjika. Mwalimu wa zamu alisema rudini kwenye mistari, hatukurudi. Jua likawa kali. Alisoma mpaka pale bibi harusi anapoona nyayo za punda zimeishia mtoni, basi Mwalimu Mkuu akanyoosha mkono.

Akasema, "Masharti yalikuwa bila kukwama. Umekwama mara kumi na moja."

Mbaruku akasema, "Kumi na mbili. Moja hukuisikia."

Mwalimu Mkuu akasema, "Basi umeshindwa."

Mbaruku akasema, "Nimeshindwa kusoma. Vitabu sirudishi kabatini."

Mwalimu Mkuu akasema, "Na mkanda siutoi."

Mimi nilisema, "Punda je?" Sikutaka kusema kwa sauti, ilitoka. Mwalimu Mkuu alinitazama sana. Alikuwa hajawahi kunisikia nasema kitu. Mimi mwisho wa punda naujua lakini wengine hawajui, na niliona haifai wakatishwe.

Mama yangu anasema unga umekwisha nyumbani na Jumatatu kina mama wote wanakwenda shuleni kudai mkanda. Mimi nitakwenda nao.

Bibi, hii barua hakuna aliyeniandikia ubaoni.

Nasinkoi


Sindeni
13 Agosti 2024

Kwako mke wangu (ukitaka futa hilo neno, mimi nimeshaliandika),

Shikamoo. Nasikia kuna mtu alikuandikia habari za Ijumaa. Alipokwambia nilitoka jasho, lilikuwa jua.

Jumatatu ya wiki iliyopita kina mama walikwenda shuleni, kama thelathini, na madebe yao ya mahindi kichwani. Wakayatua mlangoni kwa ofisi wakayakalia. Mihayo akatoka akasema, "Mkanda upo. Mbaruku alete vitabu shuleni, mtaupata." Nikafuatwa. Nikaja nalo boksi kichwani, nikaliweka chini pale pale, kwenye kizingiti, nusu nje nusu ndani.

"Umesema vije shuleni, vimekuja," nikamwambia. "Kabatini haviingii."

Tukabaki hivyo. Yeye na mkanda wake, mimi na boksi langu, kina mama katikati. Kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakaja kwenye boksi kama inzi. Nasinkoi akachukua cha punda akaanza kuwasomea wenzake pale tulipoachia, mtoni. Kina mama mwanzo walikuwa wanapiga soga. Kisha mmoja akamwambia mwenzake nyamaza. Kengele ikalia tena, watoto wakaingia darasani, na mama yake Nasinkoi, Kiseyian, ambaye hajui hata herufi, akaniuliza, "Sasa vyombo vimechukuliwa na shangazi au na yule mchunga mbuzi?" Nikamwambia njoo kesho.

Jumanne wakaja hamsini. Wengine hawana hata debe. Jumatano wamekuja na mahindi ya kuchoma. Alhamisi ni Nane Nane, shule imefungwa, nikadhani tumepumzika. Nikawakuta kizingitini wanangoja, na Sufiani kakalia debe anawasomea yeye, anakwama, wanamngoja, anaendelea. Hakuna aliyemcheka. Nyumbani wanatwanga kwa kinu na hawalalamiki kama mwanzo.

Ijumaa mapumziko, Mihayo akatoka ofisini. Mkanda kauvaa shingoni juu ya tai.

"Jamani, chukueni mkanda wenu," akasema. "Mmenishinda. Mkasage."

Kiseyian hakugeuka hata kichwa. "Subiri kwanza, Mwalimu. Mwache mtoto amalize."

Bibi, nilijiuma ulimi nisicheke. Mwalimu Mkuu mzima akasimama pale na mkanda shingoni, akasubiri. Nasinkoi akasoma mpaka mwisho wa sura, akafunga kitabu. Mihayo akakohoa. Akasema, polepole, kwamba yeye alikuwa ofisini, kuna ukurasa hakuusikia vizuri kupitia mlangoni, kama anaweza kurudia kidogo. Nasinkoi akarudia. Mtoto waliyesema hajui kitu anamsomea Mwalimu Mkuu, na Mwalimu Mkuu kachuchumaa.

Halafu akaingia ndani akatoka na daftari la mali ya shule. Akaandika mbele yetu, akalisoma kwa sauti: vitabu vya hadithi viko mikononi mwa watoto, na kikichanika wa kuulizwa ni Mihayo. Akatia saini. Mtu mwenye barua ya onyo kwenye jalada, na aliyesababisha barua hiyo ni mimi.

Sikumshukuru. Nilimwambia, "Mtumwa wangu, umechelewa." Kisha nikamwambia jingine, la tiara, kwa sauti, wazazi wote wanasikia. Na la viatu. Na la kukariri. Hilo sikuandikii, lilikuwa lake. Akasema nije jioni atanifundisha kusoma kwa sauti. Nikamwambia sikai kwenye dawati la mtu mimi, atanikuta kwenye mashine. Akasema, "Nitakuja." Na anakuja, mshenzi yule, na kiti chake mwenyewe!

Aliyechukua punda sikwambii, hata ukilia. Kosta ya Clinton ina siti, kitabu kipo, uje ukisome mwenyewe.

Nakuachia moja tu. Mkanda umerudi Jumamosi, nimeufunga, mashine inanguruma, foleni ndefu, mjomba anachekelea. Sufiani anasomea watu kitabu cha pili hapo kwenye meza. Mara kina mama wakaanza kunipigia kelele, wote, mikono juu. Sisikii. Nadhani kiroba kimepasuka. Nikasogea. Kiseyian akanivuta sikio, akanipigia ukelele:

"Zima hilo dude! Hatumsikii mtoto!"

Mke wangu, mimi nimezima mashine. Saa nne asubuhi, msimu wa mahindi, madebe yamejaa mpaka barabarani. Nimeizima kwa mkono wangu, nikatafuta pa kukaa, hapakuwepo. Nikasimama.

Mbaruku